Orodha ya gemu bora ya mwaka ina faida gani kwetu sisi wa mpakani?

KILA ifikapo Desemba, ubishi katika banda moja la gemu hapa Palma hupanda hadi kuizidi sauti ya jenereta. Vijana husongamana mbele ya televisheni mbili kuukuu. Mmoja ameshika pedi, wenzake sita wanamfundisha kupiga penalti, na kila mmoja anaamini angeipiga vizuri zaidi. Ukutani, kwenye kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi, mwenye banda ameandika kwa chaki: GEMU BORA YA MWAKA. Chini yake yapo majina matano na mistari ya kura.

Mimi ni mwalimu, nina umri wa miaka 47, na kusema kweli sijui kupiga hata pasi moja kwenye gemu hizo. Huingia bandani kwa sababu ndiko waliko wanafunzi wangu. Mwalimu asiyejua wanafunzi wake wanakwenda wapi baada ya kengele ya mwisho, nusu ya kazi yake hajaifanya.

Desemba 2025, nikiwa nimeketi kwenye benchi la nje, alipita mfanyabiashara mmoja ninayemfahamu, mtu wa makamo anayevusha simu, betri na chaja kutoka Mtwara kupitia Kilambo na Namoto. Aliusoma ule ubao, akacheka.

"Mwalimu," akaniuliza, "haya mambo ya gemu bora, sijui tuzo, sijui orodha, yana faida gani? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitu kizuri kinahitaji cheti cha nini?"

Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Alikuwa anawahi gari, akaondoka zake. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa wengine wote wanaovuka Ruvuma na mabegi yao, au waliovuka zamani wakiwa wakimbizi na sasa wamerudi.

Sisi ni watu wa orodha

Ndugu msomaji, kabla ya kuzungumzia gemu hebu tuzungumzie orodha zenyewe. Sisi tuliorudi tunazijua kuliko watu wengi.

Nilivuka Ruvuma mwaka 1986 nikiwa na miaka minane, nimeshika kamba ya mbuzi wa bibi. Nilisoma upande wa pili, katika shule ya kijiji kimoja cha Mkoa wa Mtwara. Ndiyo maana leo naandika Kiswahili hiki bila kuhangaika, wakati Kireno nilikianza nikiwa mtu mzima, baada ya Mkataba wa Roma wa Oktoba 4, 1992 kumaliza vita na sisi kurejea nyumbani mwaka 1995.

Katika shule ile, siku ya kufunga mwaka, matokeo yalibandikwa mlangoni: wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho. Mwaka 1989 jina langu lilikuwa la sita kati ya wanafunzi 48. Mama, ambaye hakujua kusoma, aliniomba nimwonyeshe lilipo. Nikamwonyesha. Akaligusa kwa kidole, akanyamaza muda mrefu. Kwa mtoto wa mkimbizi ile haikuwa sifa tu. Ilikuwa ni kuthibitisha kwamba yupo na anahesabiwa pamoja na wenyeji.

Lakini wa 48 katika karatasi ile alikuwa rafiki yangu. Mtoto yule alijua kusoma upepo kuliko wavuvi wazima, na usiku angeweza kukutajia nyota za kufuata ukitoka Msimbati. Karatasi haikuwa na safu ya upepo wala ya nyota. Hata hivyo haikusema uongo. Ilieleza jambo moja tu, nani kafaulu mitihani, ila watu wazima waliisoma kana kwamba imeeleza kila kitu. Rafiki yangu hakurudi shuleni mwaka uliofuata.

Orodha ya pili tunayoijua ni ile ya baada ya Machi 24, 2021, siku Palma iliposhambuliwa. Waliokuwa hapa hawahitaji kusimuliwa. Tulipofika mahali pa hifadhi, kila kitu kilikwenda kwa orodha: chakula kwa orodha, turubai kwa orodha, hata ndoo. Jina langu liliandikwa kwa herufi tofauti na zile za kitambulisho, na kwa wiki tatu familia yangu iliishi kwa hisani ya majirani. Wengi mnaosoma hapa mna kisa chenu kinachofanana na hicho.

Kwa hiyo mtu wa hapa akisikia neno orodha, bila kufundishwa na mtu huuliza maswali matatu: Nani ameiandika? Ametumia kipimo gani? Na nani hayumo? Maswali hayo hayo yanatosha kabisa kuzipima orodha za gemu bora.

Tuzo hizo hutolewaje?

Tuzo za gemu si jambo la jana. Golden Joystick za Uingereza zilianza mwaka 1983, na msingi wake ni kura za wachezaji wenyewe. Zipo pia tuzo za BAFTA, chombo kile kile cha Uingereza kinachotuza filamu na televisheni. Zinazosikika zaidi siku hizi ni The Game Awards za Marekani, zilizoanza mwaka 2014 na hufanyika kila Desemba.

Nani huandika orodha ya The Game Awards? Ni jopo la vyombo vya habari zaidi ya 100 kutoka nchi mbalimbali, ambavyo kura zake ni asilimia 90 ya matokeo. Asilimia 10 inayobaki ni kura za umma kupitia intaneti. Maana yake ni kwamba hata vijana wote wa Palma, Mocímboa na Mtwara wakipiga kura usiku kucha, hawawezi kumshinda mhariri aliyeketi kwake akiwa na mashine mpya na intaneti isiyokatika.

Kipimo ni kipi? Kwanza ni mwaka. Gemu lazima iwe imetoka ndani ya mwaka huo. Kwa mtu wa Los Angeles hilo halina shida. Kwetu ni tatizo kubwa, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 2024 tuzo kuu ilikwenda kwa Astro Bot, gemu ya Kijapani inayochezwa kwenye PlayStation 5 peke yake. Mwaka 2025 ilikwenda kwa Clair Obscur: Expedition 33, kazi ya kampuni changa ya Ufaransa. Katika banda letu hakuna hata kijana mmoja aliyewahi kuzigusa. Televisheni moja imeunganishwa na PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 160 duniani, na utengenezaji wake ukakoma mwanzoni mwa 2013. FIFA ya mwisho kutengenezwa kwa mashine hiyo ilikuwa FIFA 14. Watoto waliozaliwa baada ya diski hiyo kutoka ndio wanaoicheza leo, kwa metikali 10 mechi moja, na timu zao zina wachezaji waliokwisha kustaafu.

Kwa maneno mengine, mwaka wa kwetu si mwaka wa kwao. Gemu hutufikia ikiwa imeshazeeka, kama nguo za mtumba, na kwetu ndipo ujana wake unapoanza. Grand Theft Auto: San Andreas ilitwaa tuzo ya gemu ya mwaka ya televisheni ya Spike ya Marekani mwaka 2004. Pale bandani bado inapangiwa foleni.

Na nani hayumo? Soka. Tangu 2014 hakuna mchezo wa soka uliowahi kutwaa tuzo kuu ya The Game Awards. Soka hupewa tuzo ya pembeni, ile ya michezo na mbio za magari, ambayo mwaka 2024 ilichukuliwa na EA Sports FC 25. Mweleze kijana wa Palma kwamba soka si gemu bora ya mwaka, atakuuliza wewe umetoka sayari gani.

Hadi hapo utadhani nakubaliana na yule mfanyabiashara. Orodha imeandikwa na wengine, kwa kipimo cha wengine, na sisi hatumo. Ya nini basi?

Jina lililonisimamisha Mtwara

Desemba 2024 nilikuwa Mtwara nikisubiri kuvuka. Maji yalikuwa yamejaa na mitumbwi ilikuwa michache. Nilikuwa na simu, na mtandao wa upande ule ulikuwa mzuri. Vijana wangu walikuwa wameniagiza niwaletee matokeo ya The Game Awards, kwa hiyo nilifungua habari hizo na kuanza kunakili majina kwenye daftari kama karani, bila kuelewa mengi.

Chini kabisa nilikuta kundi la gemu zenye ujumbe kwa jamii. Walioteuliwa walikuwa sita. Wa sita alinisimamisha: Tales of Kenzera: Zau. Nililisoma jina lile mara mbili. Zau halikuwa jina la Kizungu wala la Kijapani. Nikatafuta zaidi.

Nikagundua kwamba mwenye kazi hiyo ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Wapenzi wa gemu walimfahamu tayari, kwa kuwa ndiye sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Alifiwa na baba yake, na miaka kadhaa baadaye akaamua kuigeuza huzuni hiyo kuwa gemu. Aliitangaza mwenyewe kwenye jukwaa la The Game Awards Desemba 2023, akisimulia habari za baba yake mbele ya umati. Ikatoka Aprili 2024, kwa bei ya dola 20 hivi.

Hadithi yake ni hii. Kijana aitwaye Zuberi amefiwa na baba. Mama yake anampa kitabu kilichoandikwa na marehemu. Ndani ya kitabu hicho kuna kijana mwingine, Zau, mganga chipukizi ambaye naye amempoteza baba. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti katika hadithi hiyo, na kufanya naye mapatano: atamletea roho kubwa tatu zilizokaidi, na Kalunga atamrudishia baba yake. Anatembea na vinyago viwili alivyoachiwa na baba, kimoja cha jua na kingine cha mwezi. Na sauti zote za gemu hiyo, ukitaka, unaweza kuzisikiliza kwa Kiswahili.

Nilikaa kimya pale ukingoni. Niliwafikiria wanafunzi wangu. Darasani kwangu wapo watoto ambao baba zao hawajaonekana tangu Machi 2021. Hawakuzikwa, hawakuonekana, na hakuna anayejua amwambie mtoto nini. Vitabu nilivyo navyo havina hadithi ya namna hiyo, na kwa Kiswahili ndiyo kabisa.

Hapo ndipo nilipoanza kupata jibu la swali la mfanyabiashara, mwaka mzima kabla hajaniuliza. Gemu ile ilitengenezwa Uingereza, ikauzwa kwenye intaneti, kwa mashine ambazo hatuna. Kwa njia gani nyingine ingemfikia mwalimu wa Palma aliyekwama Kilambo? Haikuwa na duka hapa wala tangazo la redio. Iliponifikia ilikuwa mstari mmoja tu chini ya orodha.

Kizuri chajiuza, sikatai. Lakini chajiuza pale penye njia. Mkeka mzuri kuliko yote ukiwa umekunjwa ndani ya nyumba ya Ibo, mtu wa Masasi ataupendaje? Lazima mtu autaje. Fundi wa bao wa Mikindani alijulikana huku kwetu kwa sababu mabaharia walimtaja kutoka bandari hadi bandari. Vita ilipovunja safari, midomo nayo ilikatika. Orodha ya mwaka, pamoja na dosari zake zote, ni mdomo mmoja unaotaja vitu mbele ya wengi kwa siku moja.

Tuzo haibandiki sufuria jikoni

Lakini tusiipambe tuzo kupita kiasi. Usiku ule wa Desemba 2024, Zau haikushinda. Kundi lake lilichukuliwa na gemu nyingine, Neva. Aprili 2025 ndipo BAFTA walipoipa Zau tuzo yao ya gemu inayovuka mipaka ya burudani.

Shangwe hiyo ilikuja kwa kuchelewa. Kampuni ya Surgent Studios iliyoitengeneza ilikwisha kupunguza wafanyakazi zaidi ya kumi Julai 2024, miezi mitatu tu baada ya gemu kutoka. Oktoba mwaka huo huo timu nzima ya gemu ilipewa taarifa kwamba kazi zao ziko hatarini. Walioijenga walikuwa wanatafuta riziki kwingine wakati majaji wanaisifu. Januari 2025 kampuni ilipata mshirika, Pocketpair wa Japani, na Julai 2025 ikatoa gemu nyingine iitwayo Dead Take. Ushirika huo ulitangazwa kabla ya BAFTA kuwapa tuzo yao, kwa hiyo hatuwezi kusema ni tuzo iliyowaokoa.

Nalisema hili kwa ajili ya wasanii wetu wa pande zote mbili za mto. Tuzo ni barua ya utambulisho. Inakufungulia mlango, lakini haikulipii kodi ya nyumba. Mtu akikuambia shindana mwaka mzima bila malipo kwa sababu mwisho kuna tuzo, mwulize chakula cha Machi kinatoka wapi.

Na wala tusidhani mashindano ya nani bora ni jambo la kigeni. Ngoma ya beni ilianza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa Tanganyika na kwingineko, Marini upande huu na Arinoti upande ule, na watu walikesha wakibishana nani amependeza na nani amecheza vizuri. Kina mama wa pwani hii hadi leo hushindana kwa tufo, kila kikundi na sare yake ya kanga. Ubishi huo haukuwa upuuzi. Katika kubishana ndipo kijana alipojifunza nini hasa kinaifanya ngoma iwe nzuri.

Kura zetu wenyewe

Nilipovuka nilimsomea mwenye banda lile daftari langu. Aliposikia gemu yenye Kiswahili alisimama. Akamweleza mpwa wake aliyeko Dar es Salaam. Kijana huyo hakuwa na haraka, lakini habari za BAFTA zilipotoka alimpigia mjomba wake mwenyewe: "Ile gemu yenu imeshinda Uingereza!" Aliinunua, akaiweka kwenye kompyuta yake mpakato, na Agosti 2025 alipokuja likizo alikuja nayo, akaiacha kompyuta kwa miezi minne.

Tulikubaliana kwamba Jumamosi asubuhi, wakati banda halina wateja, niende na darasa langu. Walikuja wavulana na wasichana, kwa zamu. Baadhi ya wazazi walikuwa na wasiwasi kuhusu habari ya mungu wa mauti. Mzee mmoja wa msikitini alikuja mwenyewe, akaketi nyuma na kutazama nusu saa. Alipoinuka aliniambia, "Ni ngano, Mwalimu. Hata bibi zetu walitupa ngano za mazimwi. Ila waambie watoto mauti yako kwa nani." Nikawaambia.

Siku ya kwanza, baba wa Zau alipozungumza Kiswahili, banda zima lilinyamaza. Kisha msichana mmoja akasema, "Kimenyooka mno, sokoni hakuna anayeongea hivyo!" Wakacheka. Lakini waliendelea kusikiliza.

Desemba ilipofika nilimwomba mwenye banda aniruhusu kubadili kanuni ya ubao wake. Badala ya kuchora mstari tu, kila mpiga kura aandike majina matatu kwa mpangilio, na kwa kila jina sababu moja. Lugha yoyote: Kireno, Kiswahili, Kimwani, Kimakonde. Mwaka wa gemu kutoka hauhesabiki. Kinachohesabika ni mwaka ulioicheza.

Nimefundisha kuandika insha kwa miaka mingi, lakini sikumbuki kuona watoto wakiandika kwa jasho kama lile. Mmoja aliweka FIFA ya kwanza: "Kwa sababu ukifungwa unajua kosa ni lako." Mwingine aliichagua San Andreas: "Mji wake ni mkubwa na unaweza kwenda popote bila kuulizwa karatasi." Jibu hilo nililisoma mara kadhaa. Mtoto aliyepita vizuizi vya barabarani tangu ana miaka minane anajua anachokisifu. Hakuna jopo la majaji 100 lingeweza kuiandika sababu hiyo.

Kulikuwa na kijana wa darasa la saba ambaye sitamtaja. Yeye ndiye aliyeicheza Zau kuliko wote, akafika karibu na mwisho. Siku hiyo aliiweka pedi chini na kuniambia, "Mwalimu, nitamalizia siku nyingine." Hakuigusa tena. Baba yake ni mmoja wa wale ambao hawajaonekana. Katika karatasi yake aliiweka Zau ya pili, akaandika: "Ni nzuri lakini sijaimaliza."

Sikumuuliza kitu. Niliihesabu kura yake kama zilivyohesabiwa nyingine.

FIFA ilishinda, kama mlivyotarajia. San Andreas ikawa ya pili na Zau ya tatu. Wavulana wawili walikaribia kukunjana mashati, kila mmoja akidai kura zimeibwa, nami nikajua zoezi limefaulu.

Kwa wafanyabiashara na kwa waliorudi

Sasa nimrudie yule mfanyabiashara, na wenzake wa Namoto, Kilambo, Negomano na Mtambaswala.

Kwanza, msiidharau orodha ya mwaka, kwani kwenu ni chombo cha kazi. Isomeni kama baharia anavyosoma mawingu. Mshindi wa kwanza mara nyingi hakuhusu, maana mashine yake haipo huku na bei yake haishikiki. Shuka chini. Tazama makundi madogo na walioteuliwa bila kushinda. Huko ndiko utakuta kitu cha bei nafuu, kinachoingia kwenye kompyuta ya kawaida au simu, na pengine chenye lugha ya wateja wako. Baada ya mwaka mmoja au miwili bei hushuka, na wakati huo wewe unalijua jina tayari.

Pili, msiinunue orodha kama mnavyonunua gunia bila kulifungua. Ulizeni yale maswali matatu. Nani kaiandika, kwa kipimo gani, nani hayumo. Orodha isiyotaja kipimo chake ni kama mizani iliyofunikwa kitambaa.

Tatu, kwa sisi tuliorudi na wale wanaoendelea kurudi: tuwe na orodha zetu. Si za gemu tu. Mwisho wa mwaka kila shule inaweza kuuliza watoto wametaja hadithi gani, wimbo gani, mchezo gani, na kwa nini. Gharama yake ni karatasi na muda. Tumezoea kuandikwa na wengine tukiwa kwenye foleni. Mtoto anayeombwa ataje kilicho bora na atoe sababu amepewa kalamu upande wa pili wa meza. Na kila orodha yetu iwe na safu tupu kwa ajili ya yule mtoto anayejua upepo na nyota.

Wiki iliyopita yule mfanyabiashara alipita tena. Nilimweleza yote haya kwa ufupi, naye akasikiliza huku akifunga mzigo wake. Mwisho akachomoa kalamu sikioni.

"Basi niandikie hilo jina, Mwalimu. La huyo Zau. Nina wajukuu watatu Mtwara, na mwanangu wa pili..." Hakumaliza. Alinipa kiganja chake niandike hapo, maana hakuwa na karatasi.

Kizuri chajiuza, ndugu yangu. Lakini kwanza lazima mtu akutajie jina lake.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu katika Wilaya ya Palma, Cabo Delgado. Alisoma shule ya msingi Tanzania akiwa mkimbizi.